Dereva Aliyekwenda Kuzika Igawa

Siku yangu ya kwanza kazini, Iringa mjini, sikupewa hata meza. Nilivaa suti nyeusi niliyoshonesha kwa ajili ya siku hiyo, viatu vinanibana. Wakili Mkuu wa ofisi akanitazama toka juu hadi chini. "Vua hilo koti," akasema. "Nenda Ilula ukaone kibao cha mwendo wa hamsini kinaanzia wapi na kinaishia wapi." Nikadhani ananitania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe.

Ninyi vijana mnadhani uwakili wa kesi za barabarani ni mdomo. Si mdomo, ni miguu! Trafiki anampiga dereva tochi, yaani kile kipima mwendo cha mkononi, kisha picha inatumwa kwa simu kwa mwenzake aliye mbele, ambaye ndiye anayesimamisha gari. Dereva anaonyeshwa picha, anakubali kosa, analipa faini na kuondoka, maana mzigo wa nyanya haungoji mtu. Swali la wakili ni moja: gari lilipopigwa picha lilikuwa limeshapita kibao, au bado? Kama hujaenda kuona mwenyewe, kaa chini unyamaze. Basi nikatembea kando ya lami siku ile, na akina mama wauza nyanya wakanicheka. "Mama, unapima kiwanja?" Nikawajibu kwamba nanunua barabara yote, wajiandae kuhama.

Mwendokasi ni jambo la faini. Kuendesha kwa hatari ni jambo lingine kabisa. Hapo leseni inaweza kufungiwa, na kama mtu amekufa, dereva anatazama gereza. Kesi hizo nilikutana nazo zaidi nilipohamishiwa Mbeya, chini ya Mkuu wa Tawi, mama mkali aliyeijua sheria kuliko alivyowajua majirani zake. Alikuwa na amri moja kwetu sote. "Mteja wako akigonga mtu, asikanyage msibani. Asipeleke hata kiberiti. Mwendesha mashtaka atasema amekiri kosa." Kwa upande wa sheria hakuwa mjinga, nampa haki yake.

Ndipo akaja Tumaini, dereva wa lori la Fuso, kijana wa Kilolo kama mimi. Alikuwa amemgonga mwendesha baiskeli jioni, karibu na Igawa. Alisimama, akampakia yule mtu kumkimbiza hospitali, lakini akamfia njiani. Alipotoka kwa dhamana, marehemu alikuwa hajazikwa, ndugu walikuwa wakimsubiri mtoto wake aliyekuwa akitoka mbali. Tumaini aliingia ofisini na mama yake, na aliyezungumza alikuwa mama, akaanza kwa salamu ya kwetu.

"Kamwene, mama wakili. Kesho wanazika. Sisi tunakwenda. Tumekuja kukuaga, hatukuja kukuuliza."

Nikawaeleza sheria yote bila kuficha. Nikawaambia wakienda, mahakamani tutaulizwa, na Tumaini anaweza kufungwa. Kijana alikuwa na mke na mtoto mchanga nyumbani. Mama yake akaniuliza, "Na tusipokwenda, tutaishije?" Nikamwambia, "Hayo niliyosema ni ya wakili. Mimi binti wa Kihehe sina la kuwazuia. Ila msiende peke yenu, tangulizeni wazee."

Wakaenda, na unga na mbuzi, wazee wawili wakiwa mbele. Mkuu wa Tawi aliposikia, aligonga meza. "Umemfunga mteja wako kwa mkono wako mwenyewe!" Niliogopa, sisemi uongo. Niliogopa mpaka siku ya kesi.

Na ikawa vile vile alivyoonya Mkuu wa Tawi. Mwendesha mashtaka akamsimamisha baba wa marehemu, mzee wa Kisangu, mkulima wa mpunga, awe shahidi wake. Akamuuliza, "Mzee, mtu asiye na kosa anapeleka mbuzi msibani?" Nikasimama kupinga swali. Hakimu akaniashiria nikae, akamwambia mzee ajibu.

Mzee akakohoa. "Kwetu, mtu akimfia mtu mikononi, lazima aje awaambie wenyewe alikufaje. Huyu alikuja. Aliniambia mwanangu aliomba maji, naye akampa. Asingekuja, ningekaa na swali hilo mpaka naingia kaburini. Mambo ya kosa pimeni ninyi wenye ramani." "Mke wangu," akaongeza, "siku hiyo ndipo alipokula kwa mara ya kwanza tangu msiba."

Hukumu ilikuwa fupi. Hakimu alisema kwenda kuzika si kukiri kosa, ni desturi ya watu. Likiondolewa hilo, ilibaki ramani ya ajali, ule mchoro ambao askari huchora pale pale barabarani. Ulionyesha Fuso ikiwa upande wake wa barabara, na baiskeli ikitokea njia ya shambani, haina taa. Tumaini akaachiwa huru. Mama yake alipiga magoti sakafuni, na mimi nililia mbele za watu na joho langu mwilini.

Sasa nimestaafu, nimerudi Iringa, nalima mahindi na kugombana na kuku wa jirani. Mawakili vijana hunipigia simu: mteja amegonga mtu, tumkataze kwenda? Nawaambia, mweleze sheria yote, hata inayotisha, kisha mwache aamue, kwa sababu wewe utafunga jalada na yeye atabaki na majirani. Kesi nyingi nilizoshinda nimezisahau. Ile siisahau, na wala si kwa sababu ya hukumu.

Nje ya mahakama, mzee alimwita Tumaini. "Mungu akipenda, tukishavuna tutajengea kaburi. Njoo na gari lako, utubebee matofali." Kijana hakuwa ameshika usukani tangu ile ajali. Akainama, akasema, "Nitakuja, baba."

Mavuno yalipokwisha, siku ya matofali nami nilikwenda. Fuso iliingia taratibu hadi uwanjani kwa mzee, Tumaini akashuka, akaanza kushusha matofali. Vijana wa pale wakainuka kumsaidia. Mzee akawazuia kwa mkono. "Mwacheni kwanza." Alishusha peke yake mpaka gari likawa tupu, jasho na machozi pamoja. Ndipo mama wa marehemu alipotoka jikoni na maji, akamnawisha mikono mwenyewe, akamwambia, "Kaa ule, mwanangu."