Mfuniko Uliojikohoza

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu niliomaliza nao sekondari walikwenda Dar es Salaam kutafuta ofisi. Mimi nilirudi kwetu Dunda nikatafuta kiti. Mke wangu alizoea kusema kwamba siku parapanda ya kiama itakapolia, itabidi malaika aje anishike mkono nitoke.

Kwa hiyo masika yale, mwaka aliofariki baba, pumu ya mama ilipozidi, mimi ndiye niliyekuwapo kuisikiliza. Alipumua kama mlango wenye bawaba mbovu. Dawa za hospitali zilimtuliza kidogo. Mvuke wa majani ulimfungua kifua zaidi, ila blanketi hakuliweza. Tukimfunika na chungu chake, alilitupa huku akipapatika: "Mnanizika kabla ya wakati!"

Nikapata wazo. Bafu letu la uani lilikuwa dogo na mlango wake ulifunga sawasawa. Moto ukae nje, nyuma ya ukuta. Mvuke upite kwenye bomba, umkute mama amekaa kwenye kigoda, hana moshi wala blanketi. Fundi bati akanitengenezea mfuniko mpana wenye bomba juu yake. Ikabaki kuchagua chombo cha kuchemshia.

"Kumbe kidato cha nne mlikuwa mnafundishwa kupika bafu," alisema mke wangu.

Tulianza na chungu kikubwa kutoka Kiwangwa. Mvuke wake ulikuwa laini, lakini mfuniko haukukaa. Nikaukandika kwa unga wa ngano, unga ukaiva, na mke wangu akauliza kama tule au tumsubiri mama. Nikahamia kwenye debe. Debe lilichemka upesi, ila lilikuwa la mafuta ya taa, nami, msomi, nilikuwa nimelisuuza juu juu tu. Mama alitoka bafuni akikohoa mpaka akakaa chini, midomo imebadilika rangi. Hapo hakuna aliyecheka.

Alipopata pumzi akasema, "Na lile la stoo?"

Mtaa wetu ulikuwa na sufuria moja la shaba la kuchemshia maji ya kuoshea maiti. Halikuwa na mwenyewe. Lilikaa katika nyumba iliyofiwa mwisho, mpaka nyumba nyingine ifikwe. Tangu baba azikwe lilikuwa kwetu, limelala kifudifudi gizani stoo, na nikienda kuchota mchele nilipita nimeangalia ukuta.

"Mama, lile hapana," alisema mke wangu.

"Limemchemshia mume wangu. Limeshindwa nini kunichemshia mimi?"

Tukalitia maji, mchaichai na majani ya mpera. Mfuniko ulilienea kana kwamba fundi alilipima. Ila ukingo wa sufuria ulikuwa umebonyea mahali pamoja, na maji yalipokolea moto, mfuniko uliinuka pale, ukatoa sauti, ukatulia. Ukasubiri. Ukatoa tena.

Nywele zilinisimama. Baba hakuingia uani bila kujikohoza namna ile, mara moja, kisha kusimama kizingitini mpaka wanawake wajistiri na wamwambie apite. Nikamgeukia mke wangu nimtanie, nikakuta amevuta kanga kichwani.

"Karibu," alisema mama ndani ya bafu.

Alitoka akiwa anapumua kama binti. Ikawa hivyo kila siku, na jioni tulimsikia akizungumza humo kwa sauti ya chini, mambo ya nyumbani tu: bati linavuja, mkwe ametia chumvi nyingi.

Kisha asubuhi moja jirani akapiga hodi. "Tumefikwa. Tunaliomba sufuria."

Mke wangu alilisugua kwa majivu na ndimu. Mama alilitazama likitoka mlangoni. Lisingerudi kwetu ila kwa sababu ambayo hakuna aliyetaka kuitamka.

Nikanunua sufuria jipya, pana kama lile. Mfuniko ulikaa kimya juu yake, mvuke ukajaa bafu zima. Mama akatoka mapema.

"Hautoshi?" niliuliza.

"Unatosha."

"Mbona umetoka, mama?"

"Maji yale hayana mtu."

Akakataa kurudi. Bawaba ikaanza tena kulia kifuani mwake, na chakula akawa anakirudisha. Mke wangu alimbembeleza kwa siku kadhaa mpaka akakubali kuingia, kwa ajili ya mkwe wake, si kwa ajili ya kifua.

Mimi nilichuchumaa motoni nyuma ya ukuta. Mfuniko haukutikisika. Ndani nilisikia kigoda kikisogezwa, anataka kutoka. Nikaamua kufanya jambo ambalo hata mtu wa kukaa tu kama mimi analiweza: nijikohoze kama baba, nisubiri. Nikasogeza mdomo karibu na ukuta, nikavuta pumzi.

Kabla sijatoa sauti, mama akasema, "Karibu."

Nikabaki na pumzi yangu kifuani. Ndani kigoda kilirudishwa mahali pake, na mama akaanza kueleza habari za bati linalovuja.