Oda ya kujaribu imemaliza jogoo wangu

Jogoo wangu mwekundu amekufa leo juu ya mtu hata hayuko.

Muthoni ndiye anaandika hii nikiongea, na asiguse neno langu. Ni binti yangu. Kompyuta anajua, kufagia banda la kuku hajui.

Sasa, asubuhi alikuwa anaunganisha duka yetu ya mtandao na simu yangu. Anasema hapo katikati kuna kitu inaitwa API, ndiyo inabeba oda kutoka kwa duka mpaka kwangu. Ukianza, unapewa key yako ya siri, halafu unajaribu.

Mimi hakuna mtu aliniambia anajaribu.

Simu yangu husoma mesej kwa sauti, kwa sababu shule sikuenda. Ikasema, "Peter wa Kajiado anataka jogoo mmoja mkubwa, achinjwe."

Nikachinja. Nikanyonyoa, na huu mgongo wangu.

Muthoni akatoka kwa nyumba akicheka. "Mum, imeingia?"

"Imeingia. Peter akuje na sufuria."

Akaangalia manyoya.

"Mum, hakuna Peter. Nilimtunga."

"Na jogoo, huyo pia ulimtunga?"

Saa kumi simu ikasoma oda ingine, ya Naomi wa Isinya. Nikakataa kuinuka. Si mmoja ametosha?

Saa hii kuna mama anagonga gate. Anasema yeye ndiye Naomi.

Nyinyi mnaotaka kuku, nunueni tu huko kwa mtandao, lakini mnipigie pia nisikie mnapumua.

Na kama kuna Peter yeyote Kajiado, akuje. Nyama iko tayari.