Majembe Mawili Ng'ambo ya Bonde

Nilipoolewa kijijini Nambis ilinichukua misimu mitatu kujua kulima na mume wangu. Yeye huinua jembe polepole, hulisimamisha hewani kidogo kama mtu anayefikiri, kisha hulishusha kwa nguvu. Mimi nilikuwa mtu wa haraka. Msimu wa nne majembe yetu yakaanza kupanda na kushuka pamoja bila mtu kumwambia mwenzake neno, nami nikajiona sasa nimeolewa kweli.

Mwaka jana nilikwenda Haydom kumuuguza mama yangu hospitalini, wiki saba. Alipopata nafuu nikarudi kwa basi, nikashuka barabarani, nikatembea hadi ukingo wa bonde unaotazamana na shamba letu. Ilikuwa zamu yetu ya kulimiwa, na majirani kama ishirini walikuwa wametapakaa shambani. Kwa umbali ule hakuna sura. Hata mume wangu sikumtambua.

Kisha jicho langu likanasa majembe mawili. Moja lilikuwa juu, karibu na nyumba, jingine chini kabisa, karibu na migomba. Katikati yake watu kumi, kila mmoja na mwendo wake. Lakini hayo mawili yalipanda pamoja, yakasimama hewani pamoja, yakashuka pamoja. Nilipokwisha kuyaona hivyo, sikuweza tena kuyatenganisha. Na kule kusimamisha jembe hewani hakuna anayejifunza kwa siku moja.

Nilivuka bonde nikaenda moja kwa moja kwenye migomba. Jembe la chini lilikuwa la jirani yetu mjane, la juu la mume wangu.

“Pole na safari, mama. Mgonjwa anaendeleaje?”

“Hajambo,” nikasema. Nilitaka kumpiga.

Nikampeleka mume wangu kwa wazee wa kanisa. Mmoja akaniuliza, “Uliwaona wako pamoja?”

“Hapana, mzee. Mmoja alikuwa juu ya shamba, mwingine chini.”

Walicheka mpaka wakafuta macho. Mume wangu akasema nimechoka na kuuguza, naye akacheka nao. Sijawasamehe, wala sijitahidi.

Kesho yake alikuja kulima nami, pembeni yangu kabisa, ili majirani waone. Nikalima kwa ile haraka niliyokuja nayo kwake. Alijitahidi kunifuata, jasho likamtoka, na kila mara jembe lake lilitua nyuma ya langu. Aliyekuwa anatazama kutoka ng'ambo aliona watu wawili, kila mtu na shamba lake.