Upande ya Dereva

Mnanichosha. Kila anayekuja kunywa chai yangu hapa Koboko anataka habari ya pikapu ya Saturnino, akishamaliza kikombe anafuta mdomo na kwenda zake. Leo nimeshika kalamu, na mkono huu na kalamu hawajuani vizuri. Naandika mara moja tu. Atakayeuliza tena asome.

Yasiri, mtoto wa mama yangu, ni fundi wa magari tangu ana ndevu tatu. Kazi aliipata kwa baba yetu, dereva wa jeshi. Unagusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini unauweka sikioni, unafunga macho. Chuma chenyewe kinakuambia kinapoumwa. Kutoka Arua mpaka Oraba kule mpakani walimwita Sikio, na akipita sokoni alitembea kama mtu mwenye nyota mabegani.

Lakini miaka miwili sasa mbu walikuwa wanamuuma usoni bila yeye kuwasikia wanakuja. Sauti nene aliisikia, ile nyembamba ilikuwa imekwisha. Hakumwambia mtu, hata mimi dada yake. Akiulizwa mbona anageuza kichwa, anasema ni nta ya sikio.

Ijumaa moja, kabla ya sala ya mchana, akafika Saturnino na pikapu imejaa unga wa muhogo kutoka Ayivu, kule Arua. Mtu wa ng'ambo ya mpaka huyo, vita vilimleta, akakaa, akafanya biashara. Mzaha haukumtoka mdomoni.

"Jenerali!" akaita. "Pikapu yangu iko nalia. Spidi ikifika arobaini tu inaanza, wiiii, kama mtoto amenyimwa titi. Mpaka kichwa inauma."

"Iko nalia wapi?"

"Mbele. Upande ya dereva."

Yasiri akaenda upande wa kulia, uliko usukani, akapiga jeki, akazungusha tairi, akaweka bisibisi sikioni. Kimya. Akafunga macho zaidi. Kimya kile kile. Gereji nzima ilikuwa imesimama inamwangalia, na Asiku, fundi mwenzake mwenye mdomo mrefu, alikuwa mbele kabisa.

"Ndiyo hii," Yasiri akasema. "Beringi imekufa."

"Nilijua! Sikio haiwezi kukosa!" Saturnino akasema.

Akafungua. Grisi ilikuwa nyeusi, kama grisi ya beringi yoyote ya zamani, naye akawaonyesha watu kidole cheusi kama mtu aliyekamata mwizi. Akatia beringi mpya, akafunga. Saturnino akaijaribu pikapu barabarani. Aliporudi hakuwa anacheka.

"Fundi, bado inalia."

Hapo ndipo Yasiri alipokuwa na nafasi yake. Angeweza kuinua na upande wa pili. Angeweza kumwita Asiku amwambie, hebu nisikilizie. Maneno mawili tu hayo, na shingo yake ikakataa.

"Beringi mpya lazima ilie kidogo," akasema. "Itanyamaza njiani. Ama unataka kunifundisha kazi?"

"Hapana, mzee. Wewe ndiye Sikio." Saturnino akapanda, akaondoka.

Hakufika Oraba. Kwenye mteremko tairi la mbele la kushoto lilichomoka, pikapu ikaingia chini ya lori lililosimama. Walimtoa mweupe kwa unga, na hakuwa anapumua.

Kesho yake Santa, mke wa Saturnino, alikuja na bodaboda mpaka gereji. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Akafungua kitenge, akaweka chini kipande cha beringi kilichoungua mpaka kikawa rangi ya bluu.

"Hii ilitoka kushoto," akasema. "Wewe ulitengeneza kulia. Bwana yangu alikuambia nini?"

"Alisema upande ya dereva."

Santa akatikisa kichwa.

"Hii pikapu ilitoka kule kwetu, usukani iko kushoto. Waliuhamisha hapo Arua mwaka juzi tu. Miaka kumi na mbili alikaa kushoto. Usukani ulihama, mdomo yake haikuhama."

Mafundi wakapumua. Asiku akasema haraka, "Mama, basi si kosa ya mtu. Ni marehemu mwenyewe alisema vibaya."

Yasiri alikuwa na mlango wazi mbele yake, na aliyeufungua ni mjane mwenyewe. Aliangalia kile chuma cha bluu muda mrefu.

"Alirudi," akasema. "Aliniambia bado inalia. Na pale kwanza nilizungusha tairi nikasikia kimya, nikadanganya. Mama, sikio yangu ilikufa zamani."

Santa hakulia, hakumtukana. Alifunga kile kipande katika kitenge.

"Utasema hiyo kesho, mbele ya kaburi," akasema. "Yote. Na sauti kubwa."

Akasema. Alisimama na kofia yake ya sala katikati ya Wakristo waliokuja kuzika, katekista akampisha, akasema yote. Santa mpaka leo hamsalimii, na mimi simlaumu.

Sasa Yasiri anafanya kazi kwa vidole. Anainua gari pande zote mbili, mkono mmoja anazungusha tairi, mwingine anashika springi. Beringi mbovu inatetemeka pale, unaisikia kwenye ngozi. Njia hiyo aliijua tangu zamani, aliiona ni ya wanafunzi. Haikosi. Lakini magari hayaji, na wale waliomwita Sikio wanapita mbele ya gereji wakiangalia upande mwingine.

Haya, habari umeipata. Sasa na wewe fanya. Gari yako ikilia, ilete kwa Yasiri. Usimwambie upande ya dereva. Shuka, nenda mpaka kwenye tairi lenyewe, weka mkono wako juu yake, useme: hapa. Na ukiiendesha ikalia tena, rudi, umwambie kwa nguvu, usikubali anyamaze wala akunyamazishe.