Marehemu Aliyetuletea Mahamri

Nilimuua mama yangu siku ya Jumanne, mwendo wa saa nne asubuhi, katika ukumbi wa kanisa letu hapa Timbwani, mbele ya mashahidi kumi na mmoja. Nilimuua kwa kuandika. Nilitaka watu wacheke, na walicheka kwelikweli, na mimi mtu akishacheka huwa sijui tena kusimama. Walimu wangu wameliandika hilo kwenye ripoti tangu kidato cha kwanza, kila mmoja kwa mwandiko wake.

Saa hiyo mama mwenyewe alikuwa nyumbani, mzima wa afya, akikuna nazi.

Yote yalianza likizo. Kijana mmoja wa Bofu alisimama kanisani baada ya matangazo, akasema ameazimwa laptopu kumi na wafadhili. Anataka kuwafundisha AI vijana waliokatikiwa na masomo, na anatafuta watu wa kujitolea wanaojua kidogo. Mimi nilijua kidogo. Nilikuwa nimeitumia kuandika barua tatu za mzazi za kuniombea ruhusa, na mwalimu wa zamu alikuwa amezisifu hizo barua, akasema mzazi huyu ana adabu, sijui mtoto katoa wapi tabia. Nikainua mkono. Mama akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi akijitolea kulinda mahindi.

Nikawa mwalimu, basi. Wanafunzi walikuwa kumi, wote wakubwa kwangu. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, wawili walikuwa wapakuzi wa mizigo pale feri, na mmoja alikuwa akiuza maji kwa mkokoteni. Ile programu ya AI wakaibatiza jina: jini. "Leo jini limeamkaje?" wakiingia tu. Mama aliposikia jina hilo aliniombea siku tatu mfululizo huku amenishika kichwa, halafu akaniuliza kama jini linajua dawa ya miguu kuvimba.

Kwa mara ya kwanza maishani mdomo wangu ulipata kazi. Darasani kwetu nikisema neno nafukuzwa nje. Pale nikisema neno watu wanaandika. Niliwaonyesha namna ya kuliagiza jini: usiliambie "nisaidie", liambie wewe ni nani, unataka nini, na kwa nini. Yule wa mkokoteni ndiye aliyenishinda akili. Aliachia darasa la sita, lakini kila siku alikuja na swali jipya kuhusu pampu. Kwa nini pampu ya kisima inavuta hewa? Kwa nini maji ya kwetu yana chumvi na ya kule juu hayana? Jini likijibu kwa Kiingereza, anasoma polepole, kidole kwenye kioo, mpaka anamaliza. Alitaka siku moja aache kuuza maji ya watu, awe fundi wa kuyatoa chini.

Mratibu, yaani yule kijana wa Bofu, alinipa jina la Profesa. Kila Jumamosi alikuja kula kwetu. Alikuwa akimwita mama "Mama" kunishinda mimi.

"Mama, hizi mbaazi umetia nini?"

"Nimetia adabu," mama alimjibu. "Kwa hivyo huyu mwanangu hazimpendezi."

Mratibu alicheka mpaka akapaliwa. Nami nikampenda papo hapo. Watu wazima wote niliowahi kuwachekesha huishia kunifinya sikio. Huyu alicheka mpaka mwisho.

Sasa hiyo Jumanne. Somo lilikuwa kwamba jini halina macho. Ukiliambia uongo litaamini, kwa hivyo wewe mwenyewe lazima ukague. Ningeweza kuwaambia hivyo kwa sentensi moja, lakini sentensi moja haichekeshi. Nikavuta kiti mbele, nikaandika, huku nikisoma kwa sauti: mimi ni yatima, mama alifariki kwa malaria nikiwa na miaka saba, nilikula mabaki ya chipsi, nilikuwa nikilala juu ya maboksi karibu na feri. Nikaliagiza liandike kwa Kiingereza, Kiingereza cha kuliza watu.

Hapo niliona watu wameanza kutabasamu, nikataka zaidi. Nikaongeza: nilichagua maboksi ya sabuni, kwa sababu yale ya biskuti huleta siafu.

Hiyo haikuwa yangu. Yule wa mkokoteni ndiye aliyenihadithia, tukiosha vikombe sisi wawili. Bibi yake alipokufa alilala pale feri majuma kadhaa, na jambo la kwanza alilojifunza ni hilo la sabuni na siafu. Nilipolisoma, kila mtu alicheka isipokuwa yeye. Aligeuza uso mlangoni, akawa anautazama mkokoteni wake kana kwamba umemwita. Nilimwona. Nikaendelea.

Jini likatoa ukurasa mzima. "Chini ya nyota za Likoni, mvulana mmoja aliota kuhusu kesho..." Sisi hoi. Yule mwenye mtoto alicheka mpaka mtoto akaamka. Mratibu alikuwa amejishikilia ukutani, machozi yanamtoka.

"Hifadhi hiyo, Profesa," alisema. "Tutacheka tena siku nyingine."

Nikahifadhi.

Juma lililofuata alinipiga picha. Alisema ni ya ubao wa walimu wa kujitolea. Mimi kila picha yangu nimetoa meno yote, hata ile ya kitambulisho cha shule. Akanizuia. "Usicheke, Profesa. Picha ya mwalimu haicheki." Nikafunga mdomo, nikakaza macho, nikajiona mtu mzito.

Kisha ikafika siku ya wafadhili. Laptopu zilikuwa za kuazimwa, na siku hiyo ndiyo wangeamua kama zibaki au zirudi. Sote tulijua. Yule wa mkokoteni alikuja amevaa shati lililopigwa pasi, na mkokoteni ameuegesha mbali ili usiharibu mandhari. Mama alijitolea kupika. Aliamka alfajiri akakaanga mahamri ya kuwatosha watu hamsini na sufuria kubwa ya mbaazi za nazi. Hakulipwa wala hakuuliza. Aliniambia, "Nataka waone watoto wetu wana watu."

Mimi nilichelewa, kama kawaida. Nilipoingia, wageni walikuwa wanashuka garini na mratibu alikuwa ananing'iniza bango. Bango refu kuliko mlango. Juu yake nilikuwa mimi, mdomo nimefunga, macho nimekaza. Ule uso wangu wa mtu mzito, ukiwa mkubwa hivyo, ulikuwa uso wa mtoto aliyefiwa. Chini yake maneno ya Kiingereza. Nyota za Likoni. Malaria. Maboksi ya sabuni. Na mimi sikuwa mwalimu tena. Nilikuwa nimeokolewa na mradi.

"Nini hii?" niliuliza.

Akanipa karatasi mkononi. "Utaisoma mbele yao. Dakika mbili tu."

"Mamangu yuko hapo nyuma! Anapanga sahani!"

"Hasomi Kiingereza," alisema, taratibu kabisa, kama mtu anayekukumbusha ufunge vifungo. Halafu akaniwekea mkono begani. "Ukikataa, wanaondoka na laptopu zao leo leo. Haya, mtazame yule wa mkokoteni. Mwambie wewe."

Nikamtazama. Alikuwa ameketi mstari wa mbele katika shati lake.

Nilisoma. Ningependa kuandika kwamba nilisoma vibaya, kwamba sauti ilikwama. Hapana. Nilisoma vizuri. Mimi ni mtu wa maigizo, ukinipa watu nakupa onyesho. Nilipofika kwenye kifo nilinyamaza kidogo, kama inavyotakikana, na mgeni mmoja akatoa kitambaa. Nilipomaliza ukumbi ulipiga makofi, na aliyepiga kuwashinda wote alikuwa mama, mikono imejaa unga, kule nyuma. Kiingereza chake kinaishia kwenye pakiti ya dawa, lakini mwanawe alikuwa amesimama mbele ya wageni akaongea na hakufukuzwa. Kwake hiyo ilikuwa habari.

Kisha chakula. Mfadhili mmoja, mama wa makamo kutoka Nairobi, alifika mezani na sahani yake, macho bado mekundu. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yake.

"Pole sana, mama," alimwambia mama. "Huyo kijana ameniliza. Kumbe mamake alimwacha akiwa mdogo hivyo, miaka saba tu. Nyinyi mlikuwa mnajuana na mamake?"

Mama alisimama na upawa hewani. Akalitazama bango. Akazitazama laptopu, zimepangwa mezani kama mikate. Akamtazama mratibu, naye akajifanya anahesabu viti. Mwisho akanitazama mimi. Nami nilitazama viatu vyangu, ambavyo sijawahi kuviona vizuri kama siku ile.

"Mimi ni mpishi tu," mama alisema. "Ongeza mbaazi, usione haya."

Laptopu zilibaki. Wageni walipoondoka mratibu alikuja kunikumbatia, akanipa fulana ya mradi. Akasema nimeliokoa darasa.

"Umemuua mamangu," nilimwambia.

Alikuwa anakunja bango, bila haraka, kama mtu anayejua atalitumia tena. "Nani kaua? Wewe ndiwe uliyeua, Profesa. Mimi nimechapisha tu."

"Umekula kwake!"

"Na Jumamosi nitakula tena. Mama ni muelewa. Kwani si mzaha? Wewe siku hizi huwezi mzaha?"

Mimi mtu wa majibu. Hata mwalimu mkuu nimewahi kumjibu, na viboko nikala nikicheka. Siku ile nilimgeuzia mgongo, nikatoka nje. Mimi nasema uongo tangu nijue kusema, sina haki ya kuulilia uongo wa mwenzangu. Kilichonichoma ni kwamba siku ile ya Jumanne, alipokuwa amejishikilia ukutani machozi yakimtoka, nilidhani anacheka na mimi. Kumbe alikuwa ameokota kitu cha kuwauzia wafadhili. Na ile picha: "Usicheke, Profesa." Alijua tangu siku ile. Kila Jumamosi tangu hapo aliketi mkekani kwetu, akamwomba mama amwongezee, huku akijua amekwisha kumzika.

Nje, yule wa mkokoteni alikuwa anafungua kamba ya mitungi. Nilimwendea. Sikujua nitasema nini, nikategemea mdomo utajua.

"Boksi la sabuni ni langu," alisema kabla sijaanza.

"Najua."

"Ungeniomba ningekupa." Alivuta kamba, ikakwama, akaivuta tena. "Au ungeniacha nisome mimi. Kile Kiingereza chote nakijua. Na kwangu mimi ingekuwa kweli."

"Ndugu yangu, si mimi niliyelipeleka kwenye bango..."

"Wewe ulilileta," alisema. Akainua mikono ya mkokoteni. "Jumatatu usinitafute."

Akaenda, katika shati lake la pasi, mitungi mitupu ikigongana. Laptopu zilikuwa zimebaki kwa ajili yake, na yeye ndiye aliyekuwa anaondoka.

Tulirudi nyumbani mimi na mama, mimi nimebeba sufuria kichwani, yeye amebeba karai la mahamri yaliyobaki. Jua la alasiri lilikuwa kali. Majirani wakimsalimu anaitika, "Salama," kama mtu aliye hai kabisa. Tulipofika aliketi kwenye kigoda, akaifungua leso kiunoni, akajipepea nayo.

"We mtoto."

"Naam, mama."

"Nilikufa na nini?"

"Malaria."

"Malaria!" Akacheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Malaria niliyougua na mimba yako tumboni, nikaishinda, leo imerudi kwa kompyuta. Nikazikwa wapi?"

"Sikuandika, mama."

"Hata kaburi hukunipa. Unanichuria kifo hivyo, halafu unanitupa njiani." Akajipepea. "Na hiyo ya kulala juu ya maboksi uliitoa wapi? Wewe hujalala hata siku moja bila neti."

Nikamwambia. Nilimwambia yote: ya siku tulipoosha vikombe, ya siafu, ya shati, ya Jumatatu. Nilimwambia na ya mratibu, na hapo nilianza kulia, jambo ambalo naliandika hapa kwa sababu wenzangu shuleni hawasomi vitabu. Mama hakunibembeleza.

"Kwa nini hukumwambia yule mgeni ni wewe?" nilimuuliza.

"Nilikuwa nakungoja useme wewe."

Akazitazama sufuria, akalitazama karai, akaikunja leso magotini mara mbili. Kisha mama yangu alisema hivi, na sijaongeza neno:

"Maiti amechoka. Osha hizo sufuria, halafu hayo mahamri yaliyobaki umpelekee mwenye boksi lake, na umwambie yametoka kwa mamako."