Mabawa mbili ya kushoto

Watu wa Majengo, leo nimecheka mpaka mbavu zinauma!

Muzee wangu, baba ya mutoto wetu Furaha, mwalimu wa hesabu, anatengeneza ndege ya telekomande, ile ya kuongoza toka mbali, kubwa kama kitanda. Anafuata plani ya karatasi. Ameshaalika kartiye yote, majirani wote: siku ya Mungu, tukitoka kanisani, itaruka.

Leo akapachika mabawa. Moja inaangalia mbele, ingine inaangalia nyuma!

«Papa Furaha, umetengeneza ya kushoto mbili,» nikamuambia.

«Mama, plani inaonyesha bawa moja tu!»

Ee! Na mukono wa blauzi? Karatasi ya kukatia ni moja. Unaigeuza, unakata wa pili. Mimi niliacha masomo mapema, lakini ninashona!

Kisha akanisogezea kiti, na mbao, na kisu.

Itaruka. Mukitaka kujua fundi ni nani, mumuulize yeye, mbele yangu.