Aibu ya Suruali Yangu

Nilipomfuata mke wangu Johannesburg, binti yetu alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa muda mrefu alikuwa akinijua kwa simu tu. Nilikuja na suti ya harusi na Kiingereza cha sekondari, vyote viwili vikinibana.

Wiki ya kwanza nilikwenda Turffontein kuomba kazi ya ulinzi. Mbwa wa pale langoni akanichania suruali kwa nyuma. Mlinzi mtarajiwa nikarudi nyumbani, mtaa wa La Rochelle, nimejisitiri kwa bahasha ya vyeti. Binti alikuwa jikoni. Akaweka mkono mdomoni.

"Eish, shame, Baba."

Neno shame nililijua: aibu. Nikamtolea hotuba ya adabu, mkono mmoja hewani, mwingine umeshikilia bahasha. Macho yake yakajaa machozi, akaingia chumbani. Mke wangu aliporudi kazini akauliza mtoto katukana nini. Nikakataa kulirudia, eti ulimi wangu hautamki uchafu.

Tangu hapo binti akawa wa shikamoo na kwaheri. Chakula alikiacha. Kicheko chake nilikisikia tu nikipita nje ya nyumba ya rafiki yake, ambaye mama yake Mkongo husuka nywele mtaa wa pili. Iliniuma. Niliwaonea wivu watu waliompa mwanangu kiti na ugali, nikaogopa kwamba kwake mimi ni mgeni asiyejua kuaga. Nyumbani nilisema vijana wa huku wameharibika.

Jumamosi moja yule rafiki akaja kumchukulia sweta. Nikampokea kwa hotuba ileile. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa upole ni neno gani hasa. Nikajikaza, nikalitamka.

"Papa," akasema kwa Kiswahili cha Kongo, "huku shame njo pole."

Nikakaa. Mtoto wangu alikuwa amenipa pole, nami nikamgombeza.

Nikamfuata yule rafiki hadi kwao. Binti yangu alikuwa mkekani, nywele zimesukwa nusu. Maneno niliyoyapanga njiani yote yakanitoroka, likabaki moja.

"Shame, mwanangu."

Msusi akacheka. Binti yangu hakucheka. Alisogea kunipa nafasi mkekani, akanijibu kwa Kiswahili cha kwetu, taratibu, akilitafuta neno.

"Nimeshapoa, Baba."